Kisu Nilichomchagulia Twalib

Twalib alipokufa, majira ya baridi yaliyopita, nilikwenda msikitini kumswalia. Wanawake walinitazama nilipoingia upande wetu, wengine wakasogeana kunipisha kama wanaompisha mtu mwenye ugonjwa. Hawakunitarajia. Mmoja alinishika bega akaniambia Mungu anilipe kwa moyo wangu mweupe, nami nikaitikia amina kwa adabu, maana hapakuwa mahali pa kumsahihisha. Moyo mweupe sikuwa nao. Nilikwenda kuhakikisha. Nilitaka kuliona jeneza likibebwa kupita mlangoni, nilione kwa macho yangu na si kwa kuhadithiwa, na nilipoliona nilipanda gari langu nikarudi kwangu Brooklyn Park, nikachemsha chai ya tangawizi, nikainywa yote nikiwa peke yangu jikoni, na ilikuwa chai tamu. Binti yangu aliporudi aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nilikuwa nikimjua sana marehemu. Nikamwambia nilimjua mwaka mmoja. Ni kweli. Miaka mingine yote nilikuwa nikimwona tu, harusini na madukani, akichechemea. Lakini upo mwaka mmoja nilimjua kuliko mke yeyote angeweza kumjua, kwa sababu nilimfikiria tangu naamka hadi nalala. Nilijua saa ya kutoka kwake, nilijua koti lake, nilijua upande anaoegemea akisimama. Wapenzi hujuana hivyo, na mimi nilimjua hivyo kwa chuki.

Nilikuwa sijafika thelathini. Nilikaa na mdogo wangu Riziki kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Kitanda tulilala pamoja kwa sababu ya baridi, hata tulipoweza kununua cha pili. Riziki alikuwa mtu wa kuvua viatu. Akiingia popote, kwake au kwa watu, basi au gari la mtu, kitu cha kwanza ni kuvua viatu na kuikunja miguu chini yake au kuipandisha juu, akisema miguu yake haikuumbwa kufungiwa. Jumamosi alikuwa akiamka mapema kukanda unga wa mahamri, na mimi nikipika mbaazi za nazi ya kopo, tukila juu ya kitambaa tulichokitandika zuliani huku akinisimulia wenzake wa kazini. Alikuwa akifungasha mizigo kwenye ghala kubwa huko Shakopee. Mimi nilihudumia wazee kwenye nyumba moja ya wagonjwa upande wa Saint Paul. Mimi nilipanda mabasi. Yeye alikwenda kwa van ya Twalib pamoja na wenzake, kwa sababu Shakopee bila gari hufiki, na Riziki aliogopa kuendesha gari. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo lililogeuka kuwa kesi nzima ya maisha yangu. Aliliogopa hata likiwa limezimwa. Nilipata kumwambia akae tu kwenye kiti cha dereva cha gari la jirani, apige picha atume nyumbani, akakataa, akacheka, akasema, “Da Mishi, kile kiti kina deni.” Kibali cha mwanafunzi wa udereva alikuwa nacho, kwa sababu kila mtu alimwambia akafanye mtihani wa maandishi apate kitambulisho, na kichwa chake kilikuwa chepesi, akafaulu. Lakini usukani hakuugusa.

Twalib alikuwa mtu wa Mombasa kama sisi, mwenye sauti nzuri ya kusoma kasida, mwepesi wa kusaidia wageni. Wengi walipata kazi kupitia kwake. Siku ile theluji ilianguka wakiwa kazini, na jioni wakirudi van iliteleza, ikatoka barabarani, ikabingirika mtaroni. Riziki alirushwa nje. Twalib alivunjika mguu. Nyuma alikuwamo mmoja tu siku hiyo, mwanamke wa Tanga aliyeitwa Rehema, naye alivunjika mkono na akapoteza fahamu. Polisi walipofika, mtu pekee aliyekuwa na ulimi wa kusema ni Twalib, na alichosema ni kwamba Riziki ndiye aliyekuwa akiendesha; kwamba alikuwa anamfundisha, kwamba alimsihi apunguze mwendo. Wakatafuta kwenye mkoba wa Riziki, wakakikuta kibali. Mambo yakaisha hapo. Tukamzika Riziki huku ardhi ikiwa ngumu kama saruji, na watu walionijia kunipa mkono wa pole walinipa pamoja na huruma nyingine ya pembeni, huruma wanayopewa ndugu wa mkosaji.

Nilishuku kuna kitu hakikukaa sawa, lakini kujua na kushuku ni vitu viwili. Nilipata kujua siku ya arobaini. Khitma tuliisomea pale pale nyumbani, wanaume sebuleni, wanawake chumbani na jikoni, makoti yamerundikwa kitandani mpaka karibu na dari. Nilikuwa nimepika pilau, na harufu ya bizari ilikuwa imeingia kwenye kila kitu. Baada ya dua Twalib aliomba aseme neno. Alisimama kwa magongo yake. Mlango ulikuwa wazi na nilimwona vizuri, uso umelowa machozi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye amemsamehe marehemu. Mguu wake amemsamehe, gari lake amemsamehe, na kila atakayemlaumu binti yule basi amlaumu yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyempa usukani. Wanaume wakasema mashallah. Mzee mmoja akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikageuka kurudi jikoni, na hapo nikamsikia Rehema, mkono wake ukiwa umefungwa shingoni, akimnong'oneza mwenzake penye sinki.

“Anamsamehe nini?” alisema. “Yule binti alikuwa amelala. Miguu juu, viatu kavua.”

Hakuna mtu angeweza kuyatunga yale maneno. Viatu kavua. Niliweka sinia chini taratibu, nikamshika Rehema mkono wake mzima, nikamwingiza chumbani kwenye makoti, wanawake wakiwa wametoka kupakua, nikafunga mlango. Alilia kabla sijamuuliza. Aliniambia yote: Twalib alikuwa kwenye usukani, alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu, Riziki alikuwa kando yake amelala tangu walipotoka Shakopee. Nikamwomba aende nami polisi. Akasema makaratasi yake hayajakaa sawa, akienda polisi atarudishwa, na ana wanawe Tanga wanaomtegemea. Nilimwomba kwa Mungu na kwa wanawe hao hao. Majuma machache baadaye alihamia Ohio na simu yake ikawa haipatikani. Nilikwenda polisi mwenyewe. Afisa alinisikiliza kwa upole, akaniambia kuwa bila shahidi hana la kufanya. Nikamshukuru. Upole wake niliubeba nyumbani kama mtu aliyebebeshwa jiwe.

Wapo wanawake wawili watatu niliowaambia. Wakanishauri tumsomee Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosaji, tumwachie Mola. Kwetu watu huiogopa Halbadiri kuliko mahakama, na nisingewacheka. Lakini niliwaambia Mola ana subira kuliko mimi. Nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha watu wawili nikiwa mmoja, na ukutani zimening'inia nguo zake za kazini, na mtu aliyemuua na kisha akamsingizia na kisha akamsamehe alikuwa mtaa wa pili, akipikiwa na majirani. Kuua naweza kusema ni ajali. Kusingizia maiti ni jambo mtu analifanya akiwa na akili zake. Na kumsamehe, hilo hata leo, nywele zangu zikiwa zimeingia mvi, nikilikumbuka mkono wangu hujifumba wenyewe.

Mwaka ule barabara ya University Avenue ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya reli mpya. Mtaa wote wa Frogtown ulijaa vumbi na mashimo, wenye maduka wakilalamika wateja hawana pa kupita. Nilikuwa nikishuka basi pale nikitoka kazini, kununua nyama kwenye bucha la Waislamu, na ili kulifikia ilibidi kupita kwenye njia nyembamba ya mbao iliyowekwa mbele ya duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi. Siku moja nikasimama. Dirishani, juu ya kitambaa cha kijani, vilikuwa vimelazwa visu ambavyo sikuwahi kuona mfano wake. Nyumbani tuna visu vya jikoni, tuna jambia za kuchezea harusini, tuna panga. Hivi havikuwa hivyo. Vilikuwa virefu, vipana, mgongo umenyooka kisha unakatwa kwa upinde kuelekea nchani kama pua ya papa. Niliingia na mfuko wangu wa nyama.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kizungu, mjane, jina lake Donna, nywele fupi nyeupe, sweta la mumewe. Nilimuuliza vile ni visu gani. Akaniambia ni vya Bowie, vya kizamani, mumewe alikuwa akivikusanya. Mimi nikasikia boi, kama tunavyomwita mtumishi wa nyumbani, na nikafikiri moyoni: vizuri, basi kimoja chao kitanitumikia. Alivitoa vitatu akaviweka juu ya kioo. Sikuvigusa siku hiyo. Nilisema nitarudi, na nikarudi, juma baada ya juma, theluji ikayeyuka, mashimo ya barabara yakajaa maji kisha yakakauka, na mimi nilikuwa bado nachagua. Nikiulizwa leo kwa nini nilichukua muda wote ule, jibu nililo nalo ni kwamba zile ndizo saa pekee za juma nilizokuwa nimetulia. Kazini nilikuwa nikidondosha vitu. Nyumbani sikula. Lakini nikisimama mbele ya kile kioo hakuna kilichonidondoka.

Cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko vyote, shubiri moja na nusu bila mpini, cha chuma kisichoshika kutu, kinang'aa hadi unajiona meno. Mpini wake wa mti mwekundu, kinga ya mkono ya shaba. Nilikipenda kwa macho. Nilipokishika nikaona kinavuta kwenda mbele, kiganja kinakifukuzia. Donna alisema kile ni cha ukutani. Cha tatu kilikuwa kifupi, mpini wa ngozi iliyokazwa, bapa jeusi, aina waliyokuwa wakibeba askari. Kiliingia kwenye mkoba wangu bila kutokeza, na kwa sababu hiyo nilikitamani kwa muda mrefu. Cha katikati ndicho kilichonitia shida. Kilikuwa cha chuma cha zamani, rangi ya moshi, kimetengenezwa na fundi mmoja wa huko kaskazini. Mpini wa pembe ya kulungu, wenye mikwaruzo yake ya asili, na mgongoni ukanda mwembamba wa shaba. Uzito wake ulikaa pale pale kidole cha shahada kinapoishia. Nilipokishika sikuhisi nimeshika kitu. Nilihisi mkono wangu umerefuka. Donna alinieleza kuwa chuma kile kinashika kutu ukikisahau, kinataka kupakwa mafuta, kinataka mtu wa kukikumbuka. Nikamwambia kukumbuka si tatizo.

Nilikuwa nikivipima kwa mambo ambayo sikuweza kumwambia. Koti la Twalib lilikuwa nene, la manyoya ya bata ndani. Je, ncha ya kile kifupi ingefika? Kile cha kung'aa je, kingeniponyoka kiganja kikilowa? Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama anayechagua sufuria. Sisemi haya kwa majuto. Nilikusudia kumchoma, na nilitaka nikifanye kitendo hicho vizuri.

Siku moja Donna aliniuliza ninakitaka cha nini. Nilikuwa nimejiandaa, nikasema kulungu.

“Umewahi kuwinda?”

“Nimewahi kuchinja,” nilisema.

Alivitazama visu, kisha akanitazama mimi na sare yangu ya kazini. “Wawindaji hawanunui hivi,” alisema. “Kwa kulungu kisu kidogo kinatosha, kikubwa kinaharibu nyama. Kisu kama hiki mtu hununua anapotaka aonekane amekishika.”

Nilikwenda bucha nikanunua nyama, nikapanda basi, na maneno yake nikayaona hayana maana. Lakini yalikaa.

Mwisho wa kiangazi habari zikaenea kwamba mama yake Twalib amekuja kutoka Mombasa. Alikuja kumposea mwanawe. Kulikuwa na binti wa watu, familia ya heshima, na mazungumzo yalikuwa yamefika mbali. Wanawake walilizungumza jambo hilo mbele yangu bila hadhari, wakijua mimi ni mtu wa kusamehewa na nimekwisha kusamehewa. Kesho yake nilishuka Frogtown nikanunua kile cha mpini wa pembe. Donna alikiweka kwenye ala yake ya ngozi, akakifunga kwa gazeti, akanipa na kichupa cha mafuta. Kifupi nilikiacha kwa sababu kilijificha vizuri mno, na nilikuwa sitaki tena kuficha. Kwenye basi nilikipakata mapajani kama mtoto.

Jumapili adhuhuri nilikwenda kwa Twalib. Nilivaa buibui, kisu nikakitia kwenye mkoba mkubwa wa kitambaa, na nilibisha hodi. Alifungua bibi mmoja mfupi, leso mbili mwilini, sweta juu yake. Nilimbusu mkono. Nilipomtajia jina langu alinivuta ndani kwa mikono yote miwili.

“Wewe ndiye nduguye yule binti,” alisema. “Mwanangu, tangu nifike nataka kuja kukupa mkono. Twalib kanambia mna haya na yaliyotokea, mwataka kuachwa. Mimi nikamwambia ajali haina haya. Mtoto alikuwa ajifunza.”

Aliitwa Bi Saumu. Akasema Twalib ametoka kidogo kwenda dukani, nisiondoke bila kula. Nikakaa mkekani. Sebule ilikuwa na zulia la kahawia na viti viwili vya ngozi ambavyo yeye hakutaka kuvikalia, alisema vinanata. Alipakua wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari ya ndimu, huku akiomba radhi kwa kila kitu: samaki ni wa barafu, nazi ni ya kopo, pilipili hazina ukali. Alinichagulia mnofu wa shavu, akauweka upande wangu wa sinia kwa vidole vyake. Aliniuliza Riziki alikuwa akipenda kula nini. Nikasema mahamri. Akaniambia yeye alizaa watoto watatu akabakiwa na huyu mmoja, na kwamba katika kila swala humwombea Riziki kwa jina, apunguziwe adhabu, kwa kuwa aliondoka na mzigo wa kumvunja mtu mguu. Nilikula. Matonge yalipita. Nilikuwa nikimsikiliza mama mwema akimwombea mdogo wangu msamaha kwa kosa la mwanawe, na mkoba ulikuwa umegusa goti langu, na nilijua kwamba mtu yule nitamuua mbele ya mama yake.

Twalib aliingia na mifuko ya dukani. Aliponiona alisimama kidogo mlangoni, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la mbele za watu, akanisalimu, akavua koti, akaketi mkabala nami akinyoosha mguu wake mbovu. Mama yake akamsogezea sinia. Hapo nilikitoa kisu, nikakichomoa kwenye ala, nikakilaza mkekani kati ya wali na samaki, mpini ukielekea kwangu.

Bi Saumu alikitazama. Hakupiga kelele. Aliuliza kile ni nini.

“Ni kisu, mama,” nilisema. “Nimekichagua miezi mingi kwa ajili ya mwanao.”

Twalib alianza kusema kitu kwa Kiingereza, sauti laini, akitaka kunituliza kama wanavyotulizwa vichaa. Nikamwambia aseme Kiswahili mamake asikie. Nikaweka mkono juu ya pembe. Alikiangalia kisu tangu ncha hadi mpini, na hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya Donna. Mtu huyu alikuwa akikiogopa kile chuma, ndiyo. Lakini macho yake hayakukaa kwenye chuma. Yalikimbilia kwa mama yake, yakarudi, yakakimbilia tena. Kulikuwa na kitu alichokiogopa zaidi, nacho kilikuwa kimeketi kando yake kwa leso mbili. Nilimuua Twalib wakati ule. Nasema nilimuua kwa sababu nilichagua. Ningeweza kumchoma, angekufa akiwa mtu mwema, msomaji kasida, aliyeuawa na dada wa mkosaji. Nikauacha mkono pale pale, nikauliza.

“Riziki alikuwa ameketi wapi?”

Samaki alikuwa akipoa. Bi Saumu alikuwa akimtazama mwanawe, na nadhani mama humjua mtoto wake kwa namna anavyonyamaza, kwa maana uso wake ulianza kubadilika kabla hajajibiwa lolote.

“Twalib,” alisema, “jibu.”

“Kando yangu,” alisema Twalib. “Alikuwa amelala.”

“Na usukani?”

“Mimi, mama.”

Bi Saumu alivuta bakuli la maji, akanawa mkono wake wa kulia, kidole kwa kidole. Akalifunika sinia kwa kawa. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba tangu ajali alikuwa akimwomba Mungu amsamehe binti asiye na kosa, na kwamba mwanawe alikuwa akimsikia akiomba hivyo kwenye simu na akiitikia amina. Twalib aliishika miguu ya mama yake. Alikuwa akilia kweli, si kama alivyolia kwangu siku ya arobaini. Bi Saumu akaivuta miguu yake, akaikunja chini ya leso.

“Radhi zangu huna,” alisema. “Tangu leo, huna.”

Kwa mtu asiyelelewa kwetu hayo ni maneno tu. Kwetu hakuna mlango unaobaki wazi baada yake. Niliuangalia uso wa Twalib ulivyoporomoka, na sikugeuka, sikuona haya, sikumhurumia. Nilikuwa nimekula wali kidogo tu lakini nilishiba kwa mara ya kwanza tangu theluji. Nikakirudisha kisu kwenye ala, nikambusu Bi Saumu mkono, nikaondoka.

Ijumaa iliyofuata alimlazimisha mwanawe asimame msikitini aseme. Alisema kwa maneno yaliyokatika, lakini alisema, na yule mzee aliyemkumbatia siku ya arobaini alikuwa wa kwanza kutoka nje. Uchumba ulivunjika. Polisi nao walimsikiliza. Adhabu aliyopewa haikunitosha wala sikuitegemea. Watu walimrudia taratibu, kama watu wanavyorudi, na baadaye alioa mwanamke wa mji mwingine. Mimi sikumrudia. Bi Saumu alirudi Mombasa akaishi miaka kadhaa, na nilisikia kwamba kila Twalib alipopiga simu, yeye alikuwa akiwapa wengine waipokee. Mama alipougua, Twalib alipanda ndege. Alifika wamekwisha kumzika. Habari hiyo niliipata nikiwa kazini, nikavua glavu, nikaenda kusimama dirishani kidogo. Kisu ninacho. Kiko jikoni, nakipaka mafuta, na wanangu hukitumia kupasua matikiti.

Lakini kabla Bi Saumu hajaondoka, majani yalipokwisha kuwa mekundu, aliniomba nimpeleke kaburini kwa Riziki. Nilikuwa nimeanza kujifunza gari. Jirani alitusindikiza, akakaa nasi mpaka makaburini kisha akabaki nje akivuta sigara. Bi Saumu alikuwa amevaa koti la kuazima lililomfika vifundoni. Alipiga magoti kwenye nyasi baridi akasoma Yasini yote kwa kichwa, bila haraka, akimtaja Riziki kwa jina na kwa jina la mama yetu. Alipomaliza aliendelea kupiga magoti. Upepo ulikuwa ukiinua leso yake na yeye akiishusha.

“Nilikuja na ombi,” aliniambia. “Tangu jana nalipanga. Nilitaka nikuombe umsamehe mwanangu.”

Nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa hapana, na nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia mama wa watu neno hilo juu ya kaburi.

“Sasa naona siwezi,” alisema. “Nitakuombaje kitu ambacho mimi mwenyewe nimemnyima?”

Akaninyooshea mkono nimwinue, nami nikamwinua.